Rangi za Nyanda za Juu Kusini: shajara ya mradi wangu

Novemba, Uyole

Nimefungua daftari jipya. Kazi yangu ni batiki; ndiyo iliyonisomeshea watoto, na ndiyo ninayofundisha kwenye vikundi vya akina mama hapa Mbeya. Rangi tunanunua za unga, tunazikoroga na kostiki soda na haidrosalfaiti, glavu mikononi, mgongo kwenye upepo. Sina ugomvi na rangi hizo. Zinakolea upesi, na mteja akirudi kutaka doti nyingine ya rangi ileile anaipata. Ila nimefika mahali ninakoroga huku naongea na simu, na mwanafunzi akianza kuuliza swali nimeshampa jibu kabla hajafika nusu. Mtu ukijiona hivyo ujue umekaa sana sehemu moja.

Kwa hiyo mradi ndio huu: kuzunguka Mbeya, Njombe na Iringa, nijue mimea gani ya huku inatoa rangi, niijue kwa watu wanaoishi nayo, kisha niitie kwenye kitambaa changu mwenyewe.

Utaratibu niliojiwekea hauna mbwembwe. Natumia bafta, kitambaa cheupe cha pamba, ya aina moja tu, inayochemshwa kwanza na magadi mpaka itoe wanga wote wa kiwandani. Kila kipande kinapimwa kikiwa kikavu, kwa sababu dawa zote zinahesabiwa kwa uzito wa kitambaa. Rangi ikishakauka nakata mapande matatu: moja linalala kabatini, moja linafuliwa kwa sabuni ya mche, moja linaning'inia kwenye dirisha la mashariki lipigwe jua. Dirisha hilo ndilo hakimu. Rangi isiyomaliza mwezi pale siiuzi kwa mtu.

Nimeanzia jikoni, kwa vitu visivyohitaji nauli. Maganda ya vitunguu yametoa njano inayoelekea chungwa bila kubembelezwa, na kwa vile Ruaha Mbuyuni wanalima vitunguu vya kujaza malori, maganda hayataniishia. Kokwa za parachichi nimezipata bure kwa muuza juisi wa Mwanjelwa, ambaye bado anadhani nina mgonjwa nyumbani. Nilizikatakata, nikaziweka moto mdogo, maji yakaiva rangi ya waridi. Nilipotia kijiko cha magadi yakasogea kwenye wekundu. Kwenye bafta inabaki waridi ya kupauka, ya heshima. Majani ya mkaratusi: hudhurungi ya kawaida. Kishona nguo kilichokuwa na maua kimetoa njano kali kuliko nilivyotarajia.

Kisha nikaitazama orodha. Parachichi limetoka Amerika ya Kati, kitunguu Asia, mkaratusi Australia, na kishona nguo nacho ni cha Amerika. Hakuna mwenyeji hata mmoja. Nimewapa ukurasa wao, "Wahamiaji", na hawatafukuzwa, kwa sababu kuchemsha kokwa iliyokuwa inakwenda jalalani hakumnyimi mtu kitu. Lakini nauli nimeitenga kwa ajili ya kuwatafuta wenyeji.

Desemba, juu ya Tukuyu

Mvua. Miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Rungwe hupata mvua inayoweza kufika milimita 3,000 kwa mwaka, na naona imeamua kunipa fungu langu lote kwa mkupuo.

Nimefikia kwao na rafiki yangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, migomba mpaka mlangoni. Nilikuja na dodoso nililolichapisha mjini: jina la mmea, sehemu inayotumika, matumizi, msimu. Mama yake alitoka kunipokea, nikapiga goti kumsalimia, akaitikia, kisha akanitazama mikono. Tukamenya ndizi. Kesho yake tukapalilia magimbi. Kila nilipotaka kuchomekea swali aliniwahi yeye: watoto wangapi, baba yao anafanya kazi gani, mkaa Mbeya umefika shilingi ngapi, kwa nini nimekuja peke yangu. Mjini ningesema napotezewa muda. Pale nikaelewa kwamba mahojiano yalishaanza zamani, na anayehojiwa ni mimi.

Tukiwa tunarudi kutoka shambani akasimama kwenye vichaka vilivyoota sehemu iliyofyekwa miaka iliyopita. Akavunja kitawi.

"Mwanangu, si ulisema unatafuta rangi? Shika."

Nikapeleka mkono kwenye mkoba kutafuta kalamu.

"Daftari baadaye. Shika kwanza."

Nikashika. Kwenye mkato palichomoza tone la utomvu la chungwa iliyokolea, zito kidogo, likatanda ukuchani na kuingia kwenye mikunjo ya kidole. Majani yake upande wa juu ni kijani cha kung'aa. Ukiyageuza, chini yana rangi ya kutu, na yale machanga kabisa yamefunikwa unga wa kutu unaobaki kwenye kidole gumba ukisugua. Jioni nilinawa kwa sabuni na mchanga. Asubuhi ukucha bado ulikuwa wa chungwa.

Kwa jina la kitaalamu ni *Harungana madagascariensis*. Ni mwenyeji wa Afrika ya kitropiki, anapenda kingo za misitu na mashamba yaliyoachwa, na ni kati ya miti ya kwanza kurudi mahali palipofyekwa. Hiyo kwangu ni habari njema kuliko rangi yenyewe: mti unaokua upesi na unaokatwa kila mwaka watu wanaposafisha mashamba ni mti ninaoweza kuutegemea bila kumwibia mtu. Gome nililotumia limetoka kwenye matawi yaliyokuwa yameshakatwa na kurundikwa pembeni. Nililipondaponda, likalala kwenye maji usiku kucha, likachemka taratibu. Kwenye bafta iliyolowekwa shabu, dawa ya kushikisha rangi, imetoka njano safi. Kipande kilichopitishwa baadaye kwenye maji ya misumari yenye kutu kimegeuka kijani cha jeshi, na nakiri hiki ndicho nilichokipenda zaidi.

Dodoso nililitumia kuwashia moto wa kuchemshia gome. Lilikuwa limeloa, halikuwaka vizuri.

Januari, Uyole

Mwezi wa mizani na sufuria. Naandika kwa ajili ya yeyote wa kikundi atakayetaka kurudia.

Sufu na hariri hunyonya shabu zenyewe kwa sababu zimetoka kwa mnyama na zina protini. Pamba imetoka kwa mmea, haina hamu na shabu. Ndiyo maana wengi wanaojaribu rangi za mimea kwenye pamba hulalamika kwamba imetoka yote kwenye fuo la kwanza. Dawa ni kutanguliza tanini, ule ukakasi ulio kwenye magome ya miti: tanini inashika pamba, shabu inashika tanini, rangi inashika shabu. Ukiruka ngazi moja umepaka maji.

Tanini naipata kwenye gome la miwati, ambalo wachoma mkaa wa Njombe hulibandua na kuliacha. Miwati nayo ni mhamiaji kutoka Australia. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya gome hilohilo, lenye tanini inayosifika kwa kutengenezea ngozi za viatu. Nachemsha gome, nachuja, kitambaa kinalala humo mpaka asubuhi. Kisha shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa, iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Shabu nanunua kwenye maduka ya viungo, mawe meupe yaleyale wanayosafishia maji ya visima. Angalizo: gome la miwati lina wekundu wake, na wekundu huo unabaki chini ya kila rangi utakayoweka juu. Kwa njano safi punguza gome mpaka nusu.

Nimejaribu pia maranda ya mninga. Huyu ni mwenyeji kamili, mti wa miombo, ndio huo wa Chunya unaotoa utomvu mwekundu ukijeruhiwa gome. Kuukata kunataka kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, lakini seremala wangu hufagia maranda kila jioni na kuyachoma. Hudhurungi yenye wekundu kwa mbali. Dirishani inavumilia vizuri sana.

Machi, nje kidogo ya Iringa mjini

Safari hii niliifikiria kwa muda mrefu kwa sababu ya vikapu. Vikapu vya Iringa vinasukwa kwa milulu, majani ya majimajini ambayo wanawake huyakata bondeni, huyaanika juani mpaka yageuke rangi ya maziwa, kisha huyasuka kwa mistari ya rangi. Niliwaza kwamba mistari hiyo ndiyo shule yangu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Karibu, keti hapo kwenye kivuli. Umetoka Mbeya kwa ajili ya rangi tu?"

Mwenyekiti wa kikundi ni mwanamke wa rika la dada yangu mkubwa, mikono haisimami hata anapoongea. Nilipomuuliza rangi zao wanatoa kwenye mmea gani, wote walicheka. Akaingia ndani, akatoka na pakiti za unga wa dukani, nyekundu, zambarau na kijani, akazipanga mbele yangu moja moja.

"Mizizi naijua," alisema. "Mama yangu alinionyesha, na mama yake alimwonyesha. Lakini nikichimba mizizi asubuhi, maji nitachota saa ngapi? Wanunuzi wa Dar wanakuja wanataka vya mizizi, halafu wanataka kwa bei ya vya pakiti."

Sikuwa na la kuongeza, na sasa ninapoandika bado sina. Anayedai rangi za mizizi bila kulipia saa za kuchimba anaomba zawadi. Niliona pia kwamba nami nilikuja na picha yangu kichwani ya jinsi wao wanavyopaswa kuwa, na picha ile haikuwa na pakiti. Niliondoa picha, nikabaki na watu waliokuwa mbele yangu, na hapo ndipo mchana ukawa na faida.

Baada ya chakula alisema nimfuate. Tulishuka mpaka kwenye ardhi kavu yenye vichaka vya mdaa, ileile ambayo watu wa pwani hutumia mizizi yake kutia weusi kwenye ukindu wa mikeka. Ni kichaka cha majani magumu yenye ukingo wa mawimbi, hata ng'ombe hauthamini sana. Alichimba upande mmoja tu wa shina, akakata mzizi unene wa kidole, akaacha mwingine, akarudishia udongo na kuukanyaga kwa kisigino. Aliporudi nyumbani akaukwangua. Ganda la nje ni jeusi, la ndani ni la njano ya kiini cha yai. Tukaponda ganda, tukalitia kwenye sufuria pamoja na milulu.

Nikapewa mwiko. Nikakoroga ninavyokoroga batiki miaka yote. Akanishika kiwiko.

"Unasonga ugali? Milulu haikorogwi, inageuzwa. Ingiza mwiko chini, nyanyua, laza upande wa pili."

Miaka mingi sijawahi kushikwa kiwiko na mtu kwenye kazi ya rangi. Mimi ndiye ninayeshika vya wenzangu. Nilihisi uso unapata moto, kisha nikaona milulu yake haina hata jani moja lililovunjika, nikanyamaza na kugeuza.

Milulu ilitoka ya kahawia. Kisha ikazikwa kwenye tope jeusi la bondeni, tope lenye kuteleza na harufu ya kutu, ikalala humo. Asubuhi tuliisuuza mtoni. Maji ya kwanza yalichukua tope, ya pili yakawa kijivu, ya tatu yakawa meupe, na milulu ikabaki nyeusi, weusi wenye kung'aa kidogo ukiigeuza kwenye jua. Sababu yake naijua kutoka kwenye misumari yangu: tope la bondeni lina chuma, na chuma kikikutana na tanini ya mzizi huzaa weusi usiotoka. Wino wa kalamu za zamani ulitengenezwa kwa kanuni hiyohiyo. Yeye hakuhitaji maelezo hayo, ila aliyasikiliza kwa adabu, kisha akasema tope la upande wa pili wa mto halifai. Lile la upande huu tu.

Jioni kulikuwa na ulanzi, pombe ya mianzi. Sina zaidi la kuandika kuhusu jioni.

Mei

Hakuna safari. Nimerudia mdaa kwenye bafta kwa tope la Uyole: kijivu cha mawingu, si weusi. Naandika kwa herufi kubwa kwamba tope ni sehemu ya rangi.

Njano ya *Harungana* imeshinda dirisha. Waridi ya parachichi imepungua ila ipo. Njano ya kishona nguo imekwenda na maji.

Juni, Matamba na ukingo wa Kitulo

Kutoka Chimala gari linapanda zile kona 57, na kila ukipinda joto la Usangu linabaki chini yako. Juu ni nchi nyingine: viazi mviringo, pareto, moshi wa kuni unaolala chini kwa ubaridi. Asubuhi ya leo majani ya viazi yalikuwa na ganda la barafu, nikaligusa kwa kidole likavunjika.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba zipatazo 412.9, uwanda ulio kwenye mita 2,600 hivi juu ya bahari. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua yake ni ya miezi ya mvua. Mwezi huu nyasi ni za kahawia mpaka upeo wa macho, na mimi nimekuja kutazama tu, kwa kuwa humo hauchumi hata jani. Nimefurahi kuwa mahali ambapo mikono yangu haina kazi. Nilitembea na kutazama jinsi mimea inavyopangana, nani anakaa kwenye maji, nani kwenye mawe, na nikagundua kwamba tangu Novemba kila mmea nilikuwa nauona kwa jicho la sufuria.

Niliyemtafuta yuko nje ya hifadhi, kwenye vichaka vya ukingo wa shamba. *Rubia cordifolia*. Ni mtambaa mwembamba, shina lake lina pembe nne, majani yenye umbo la moyo yamekaa manne manne kuzunguka kila fundo. Ukipitisha mkono unakukamata: shina na kingo za majani vina vindoano vidogo ambavyo havionekani kwa macho lakini nguo inavijua. Matunda yake ni vipunje vyeusi. Usingeupa mtazamo wa pili. Lakini kwangua udongo kidogo chini ya shina, na mizizi ni mekundu, myembamba kuliko kalamu ya risasi.

Ndugu wa mmea huu ndio waliovika Asia na Ulaya nguo nyekundu kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1868 wanakemia wa Ujerumani walipofanikiwa kutengeneza rangi ya mzizi huo maabara. Na hapa uko kwenye ukingo wa shamba la viazi, unang'olewa pamoja na magugu.

Nilipitia kwa mtendaji wa kijiji kwanza, na barua yangu, na akaniita mzee wa kamati ya maliasili. Mzee alikagua mzizi niliomwonyesha, akausugua kwenye kiganja mpaka ukaacha mstari.

"Shikamoo nimeipokea, na barua nimeisoma, mwanangu. Mkishajua kwamba hii ina fedha, mtaacha?"

Akanielezea chikanda. Okidi za huku zina viazi chini ya ardhi ambavyo Zambia hupikwa pamoja na karanga, na kwa miaka mingi wanunuzi walivuka mpaka kuvifuata. Watu walichimba. Kiazi kikishang'olewa hakuna ua mwakani, na anayechimba leo hamwachii mchimbaji wa kesho. Kuokoa okidi hizo ni mojawapo ya sababu za uwanda ule kuwa hifadhi.

Tulizungumza mpaka jua likalegea. Gome unaweza kulichukua kwenye tawi lililokatwa, jani linachipua tena, lakini mzizi ni mmea wenyewe. Nilikuja na hesabu ya kilo ngapi za mizizi zitatosha kanga za kikundi, na nilikuwa nimeshaiandika ukurasa wa nyuma. Tulikubaliana hivi: nichukue mizizi ya shamba linaloandaliwa kulimwa tu, na vipande vya shina vya kupanda nyumbani. Jina la kijiji na la shamba sitaliandika humu. Anayeutaka mmea huu aje kwa mtendaji, apige goti, aulizwe maswali.

Agosti, Uyole

Siku ya wekundu. Mizizi niliyopewa ni mkono mmoja tu ikikauka, kwa hiyo sikufanya haraka. Niliikatakata, nikaiosha kwa maji baridi ili vumbi la kahawia litangulie kutoka, nikaitwanga kwenye kinu. Unga una harufu ya udongo uliolowa na mti kwa pamoja. Maji nikayaongezea chokaa kidogo, kwa kuwa rangi hii inapenda maji yenye chokaa.

Moto ndio mtihani. Rangi za jamii hii ukizichemsha kwa nguvu wekundu unarudi nyuma na kahawia inatangulia, kwa hiyo sufuria inapaswa kuwa ya moto ambao mkono hauwezi kuuvumilia lakini isifike kutokota. Nilitoa mkaa, nikarudisha, nikatoa. Mwanangu wa kike alipita mara kadhaa akauliza kama napika au nalea. Kitambaa kiliingia cheupe chenye wekundu wa miwati, na kwa muda mrefu hakikufanya lolote. Kisha pindo likaanza, kwanza rangi ya pilipili changa, likaja tofali, na baada ya kulala humo mpaka maji yakapoa, nilitoa damu ya mzee. Si ile ya dukani inayopiga kelele ukiwa mbali. Ukiikunja ina chungwa kwenye mkunjo.

Ni kipande cha ukubwa wa leso. Dada mmoja wa kikundi alitaka kukinunua hapohapo kwa bei nzuri, nikamwambia hakiuzwi kwa sababu hakuna cha pili. Mwaka jana ningemwambia nipe wiki mbili.

Vipande vya shina nilivyopanda ukingoni mwa uzio vimeshika, si vyote. Mizizi yenye rangi nzuri inataka mmea uliokaa ardhini miaka, si miezi. Sawa. Nimeviwekea vipande vya mabua juu.

Septemba

Bluu. *Indigofera arrecta*, nili ya huku kwetu, ni kichaka kirefu kuliko mtu, kinaota kando ya barabara ukielekea Mbozi na kwenye mashamba yaliyopumzishwa. Maua madogo mekundu ya waridi, na viganda vifupi vilivyoelekea chini. Kilipelekwa Java karne ya 19 na wakulima wa kule wakakithamini sana, na biashara hiyo ikaporomoka baada ya kampuni ya BASF kuanza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897. Mwenyeji huyu amesafiri kuliko sisi wote.

Faida yake kubwa, baada ya mazungumzo ya Juni, ni kwamba rangi iko kwenye majani. Unakata, kinachipua, unakata tena, na kwa kuwa ni jamii ya mikunde kinarutubisha udongo kilipo.

Majani yalilowekwa kwenye ndoo mpaka maji yakawa ya kijani cha njano na juu yakatanda utando wa shaba. Nikachuja, nikatia chokaa, nikaanza kumimina kutoka ndoo hadi ndoo ili yapate hewa. Povu lilianza jeupe, likageuka bluu, kisha likaanza kuvunjika lenyewe. Usiku tope la bluu likashuka chini. Ni kidogo mno: kwa ujumla majani mabichi hayatoi hata asilimia moja ya uzito wake. Nimeliyeyusha kwenye pipa dogo lenye chokaa na ndizi mbivu za Tukuyu zilizopondwa, ambazo sukari yake inaondoa hewa ndani ya pipa na kuifanya nili iyeyuke. Harufu naomba majirani wanisamehe. Kitambaa kinatoka cha kijani, unakishika mbele ya uso wako, na wakati unakitazama kinaanza kugeuka bluu kuanzia kwenye kingo. Bluu yenyewe kwa sasa ni hafifu. Majani zaidi, na pipa likomae.

Mbegu nimezisugua kwenye mchanga mkavu kabla ya kuzipanda, maana ganda lake ni gumu na bila kulikwaruza linakaa ardhini bila kuota.

Oktoba

Kikundi changu kimeomba mafunzo ya rangi za mimea. Wametenga fedha, wamepanga na tarehe, na kwenye karatasi ya ratiba wameandika jina langu kama mkufunzi.

Nimelifuta. Mkufunzi wa weusi atakuwa mwenyekiti wa wasukaji wa Iringa. Nimempigia simu, akauliza maswali mengi kuliko niliyouliza mimi, mwisho akakubali, kwa sharti kwamba alipwe posho ya mkufunzi na si "asante ya safari". Kikundi kiliguna, kikakubali. Atakuja na tope lake kwenye ndoo, kwa kuwa la Uyole halitaki. Mama wa Tukuyu hasafiri. Tutamfuata, wachache wachache, na kila atakayekwenda ajue ataanza kwa kumenya ndizi. Mimi nitafundisha shabu na mizani tu, kisha nitakaa na wengine nigeuze milulu.

Wekundu haumo kwenye ratiba. Mwanachama mmoja amekasirika, anasema kanga nyekundu ndizo zinazouzika kabla ya sikukuu. Nimempeleka ukingoni mwa uzio akaone miche ilivyo, akaihesabu kwa kidole, akasema basi na yeye apewe kipande cha shina apande kwake. Nimempa.

Yaliyobaki: sufuria za chuma zisije kabisa, zitatia giza njano zote, kila mtu alete bafta yake ikiwa imeshachemshwa na magadi, na nani analeta kuni, hilo bado tunabishana.